Nilimwita Mpiga Mzinga

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usifike katikati ukaanza kunionea huruma. Sikulazimishwa na mtu, sikuwa nimelewa, wala sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na akili zangu timamu.

Nimelichoka hili jambo. Nimelibeba miaka mingi, sasa naliweka hapa, mlisome.

Ilikuwa ile miaka ambayo Kigoma ilijaa wakimbizi kutoka ng'ambo. Mimi nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye kituo kimoja kidogo Rusimbi. Tulikuwa na mashine nne kuukuu. Siku za kazi tuliwafundisha watu kuchapa barua. Jumamosi mchana, wanafunzi wakishaondoka, tulifunga mlango, tukaunganisha zile mashine kwa waya, tukapigana vita.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vifaru. Ee bwana, tuliupenda! Unaendesha kifaru chako porini, unamtafuta mwenzako, unamlenga, unafyatua. Tukimaliza kupigana kwenye skrini tunaanza kupigana kwa mdomo. Kifaru kinaweza kulenga vizuri huku kinakimbia? Chuma kilicholazwa kinazuia kombora kuliko kilichosimama wima? Adui akiwa mbali, unalenga pale alipo au pale atakapofika? Tulibishana mpaka koo zinakauka!

Na matusi ya kirafiki, usiseme. "Hicho si kifaru, ni sufuria ya kuchemshia migebuka!" "Kamlengee bibi yako!" Ndiyo ilikuwa raha yetu.

Mimi waliniita Profesa. Nilikuwa na makaratasi niliyoyachapisha kutoka kwenye mtandao, kurasa na kurasa za unene wa chuma na urefu wa midomo ya mizinga. Ubishi ukizuka nayafungua kama shekhe anayefungua kitabu. Neno langu lilikuwa la mwisho. Nilijiona mtu mkubwa sana! Mtu ambaye hajawahi kushika hata bunduki ya kuwindia nguruwe.

Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa Jumanne, mtoto wa Ujiji, mdomo wake haujui kupumzika. Halafu alikuwepo Fideli. Si jina lake, nimempa tu.

Fideli alikuwa fundi wetu. Mashine ikizimika, yeye. Jenereta ikigoma, yeye. Mikono yake ilikuwa ya ajabu, angeweza kuunga waya mwembamba kama unywele huku anakusimulia habari nyingine. Alikuwa Mrundi. Kisheria alitakiwa awe kambini, maana hakuwa na kibali cha kukaa mjini. Lakini Kiha na Kirundi ni ndugu, na watu wengi walidhani ni Muha wa Kasulu, naye hakuwakatalia. Sisi wa kituoni tulijua, tukanyamaza.

Mama yangu, Muha mwenyewe, alimpenda kuliko anavyonipenda mimi, nasema kweli. Akija nyumbani anamwamkia "Mwakeye, Mama", wanaingia jikoni wanaongea kilugha chao, nabaki sebuleni kama mgeni.

Na Fideli alikuwa amepata mchumba. Konsolata, binti wa mzee mmoja wa Katubuka. Familia yao ilitoka Burundi zamani, wakati Konsolata hajazaliwa. Yule mzee alikuwa na vijana wawili wa kiume waliorudi kwao kutafuta maisha, wakauawa na askari. Kwa hiyo askari, kwa mzee yule, lilikuwa neno lisilotamkwa ndani ya nyumba. Ndoa ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Fideli hakucheza mchezo wetu hata siku moja. Tukianza, anageuza kiti anatupa mgongo, anaendelea kutengeneza vitu vyake. Mara nyingine ananyoosha mkono anapunguza sauti ya spika. Tulimcheka. "Fundi anaogopa baruti ya kwenye kompyuta!"

Sasa Jumamosi moja Jumanne akapigwa. Akaruka kwenye kiti.

"Mchezo una wizi huu! Nimelipuka kabla sijasikia mlio!"

Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya Profesa. "Haiwezekani. Kombora na mlio vinatoka pamoja mdomoni mwa mzinga, vinafika pamoja. Ukiwa na masikio unasikia, unakwepa."

Fideli alikuwa ametupa mgongo. Akasema bila kugeuka, "Husikii."

"Nini?"

"Husikii kitu. Ukuta unaanguka kwanza. Mlio unakuja baadaye, kama mtu anayepiga hodi nyumba ikiwa imeshalala chini."

Wakaangua kicheko. Jumanne aligonga meza. "Profesa kapigwa! Kapigwa na fundi wa waya!"

Nikasema, "Wewe mizinga umeijulia wapi?"

"Najua tu," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Jumanne hakuniacha. Alinyakua makaratasi yangu mwenyewe, akapekua, akakuta. Kombora linakimbia kuliko sauti! Imeandikwa pale pale, kwenye ukurasa niliokuwa natembea nao kwapani, na sikuwahi kuuelewa. Akausoma kwa sauti mara mbili.

Wiki nzima nikawa Profesa wa Sufuria. Naingia kituoni wanapiga hodi mezani, ko ko ko, halafu wanacheka. Wanafunzi wakajua. Hata mama muuza vitumbua pale nje akajua!

Ni kitu kidogo, najua. Ukisimulia leo mtu atauliza, ndiyo hiyo tu? Ndiyo hiyo tu. Lakini sikuwa na kingine cha kujivunia mjini, ndugu zangu. Ule ubingwa wa mdomo ndio uliokuwa mali yangu.

Ijumaa tumekaa kibandani tunakunywa chai, Jumanne akaanza tena. Nikamkatisha.

"Hamjajiuliza amejuaje? Yale mambo huyajui mpaka umekaa ndani ya kifaru. Yule alikuwa mpiga mzinga huko kwao. Muulizeni amebomoa nyumba ngapi."

Nilisema nikicheka! Nilitaka tu macho yaniache mimi yaende kwake. Na yalikwenda. Jumanne aliweka kikombe chini, akasema, "Kumbe!"

Pale kibandani tulikuwa watu saba. Wawili siwajui hadi leo.

Neno lile halikumaliza siku nne. Likafika sokoni, likavuka, likaingia Katubuka, na kila lilipopita liliongezewa kitu. Mara aliongoza vifaru vitatu. Mara alichoma kanisa. Mimi nikisikia natikisa kichwa kama mtu asiyehusika.

Jumanne alitania, wengine walisambaza. Lakini lililofuata ni langu peke yangu.

Konsolata alikuja kituoni asubuhi ya Jumatano, amejifunga kitenge, macho yamevimba. Nilikuwa na wanafunzi, na Jumanne alikuwepo. Fideli alikuwa ametumwa bandarini kutengeneza mashine ya watu.

"Kaka," akaniambia, "baba amekataa ndoa. Wanasema maneno yametoka hapa. Niambie ukweli mbele ya Mungu. Fideli alikuwa askari?"

Hapo ndipo ningeweza kulimaliza. Neno moja tu. "Nilitania, dada. Nilibuni." Basi!

Nikamwona Jumanne ananitazama. Nikawaona wanafunzi wameacha kuchapa. Nikafikiria nitakavyoitwa baada ya Profesa wa Sufuria.

Nikasema, "Alisema mwenyewe. Wote tulimsikia."

Jumanne akainamisha kichwa. Hakunipinga. Konsolata akaitikia "Ahsante, kaka", akatoka. Alinishukuru! Hilo neno lake bado linanichoma kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Fideli alirudi jioni hiyo hiyo. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Alisimama tu mlangoni.

"Nenda kwa mzee ukamwambie ulikuwa unatania," akasema. "Mimi hawanisikilizi."

"Nitaenda kesho."

"Nenda leo, ndugu yangu."

"Kesho asubuhi na mapema."

Sikwenda kesho. Sikwenda keshokutwa. Nilijiambia mzee atapoa mwenyewe. Nilijiambia nina homa, na kweli nikajifunika shuka!

Baada ya siku chache kuna mtu, sijui nani, akapeleka habari polisi kwamba kuna askari wa ng'ambo anajificha mjini bila kibali. Wakamchukua. Wakasema atapelekwa kambini na lori la Jumatatu.

Jumatatu Mama alisonga ugali wa muhogo, akakaanga dagaa kwa mawese, akafunga na blanketi. "Twende tukamuage mwenzio," akaniambia. Nikasema kichwa kinauma. Akanitazama, akaenda peke yake.

Alirudi mchana. Hakuvua hata kanga. Alikaa kwenye kigoda, mimi niko mkekani.

"Mwanangu, Fideli amenisimulia," akasema. "Alikuwa na miaka kumi na sita. Yuko shambani kwao, mama yake yuko jikoni. Anasema aliona ukuta wa jiko unakaa chini. Unakaa, kama mtu aliyechoka. Mlio aliusikia baadaye, ukitokea kilima cha pili. Alizika alichokipata."



"Mimi sijui hizo kompyuta zenu," Mama akaendelea. "Lakini nikuulize, wewe unayejua. Aliye nyuma ya mzinga, anayefyatua, husikia nini kwanza?"

Nilifungua mdomo kumjibu haraka haraka, kama ninavyowajibu wenzangu. Ndipo nikalisikia jibu lenyewe.

Mlio! Anayefyatua anasikia mlio wake kwanza, upo masikioni mwake, ndipo aone ukuta ukianguka kule mbali. Anayeona ukuta kabla ya mlio ni yule aliyeko upande wa pili. Ni yule anayepigwa. Fideli alituambia wazi wazi yeye ni nani, mbele ya wajuzi wanne wa vifaru, na mimi mwenye makaratasi nikamgeuza muuaji.

Mama alisimama akaingia jikoni. Alikaa miezi miwili bila kunisemesha zaidi ya "chakula hiki" na "funga mlango".

Jioni ile ile nikaenda Katubuka, mbio. Yule mzee alinikaribisha sebuleni. Nikampa shikamoo, nikapiga magoti, nikamwaga yote. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha.

"Uongo uliuambia mji mzima," akasema. "Ukweli unaniletea mimi peke yangu, chumbani. Nitaufanyia nini?"

Jumapili nikasimama kanisani kwao, mbele ya watu. Nikashika benchi kwa mikono miwili. Nikasema nilibuni, Fideli hakuwa askari, ni mtu aliyepigwa kama ninyi. Wengine waliamini. Wengi, nilisikia baadaye, walidhani nimetumwa na bwana harusi. Kumbe ule uongo niliusema nikicheka na kikombe cha chai mkononi, na kila mtu akauamini!

Na kambini habari ilikuwa imetangulia. Kule walijaa watu waliokimbia askari, unategemea nini? Siku ya tatu tu tangu ashuke kwenye lori, vijana fulani walimkamata, wakamuuliza mkono gani ndio wa kufyatulia. Wakaulaza wa kulia juu ya jiwe.

Ule mkono! Ule wa kuunga waya mwembamba kama unywele!

Nilipopata habari hiyo niliacha kazi kituoni. Ule mchezo sijaugusa tena. Jumanne naye tuliachana kimya kimya. Nikimwona njiani kila mmoja anajifanya ana haraka. Konsolata alikaa mwaka na zaidi, kisha akaolewa Kasulu na mtu mwingine. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri kabisa. Ndiyo malezi yake.

Fideli nilimwona mara moja tu, miaka baadaye, wakimbizi walipoanza kurudi kwao. Nilisikia wanapandia meli Kigoma, nikaenda nikasimama nje ya uzio wa bandari tangu asubuhi. Alinitambua kabla sijamtambua, amekonda. Akasogea kwenye uzio, akapenyeza mkono wa kushoto.

"Nisamehe nakupa kushoto," akasema.

Yeye ndiye aliyeomba radhi! Mimi nilikuwa nimepanga hotuba nzima. Nililia kama mtoto, watu wananitazama.

"Mama hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Mwambie nimekwenda nyumbani. Wewe nilishakusamehe kule kule kambini, nilikuwa siwezi kulala nikiwa na wewe kichwani. Ila tusitafutane tena."

Akainua begi lake kwa mkono ule ule wa kushoto, akaenda kupanga foleni na wenzake. Hakugeuka. Sijui yuko wapi, na sijamtafuta, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee alichowahi kuniomba nikamtimizia.

Ninyi mnaobishana, na sasa naona mnabishana kwenye simu mchana kutwa, mpira, siasa, vita vya watu wa mbali, nawasihi. Ukishindwa, shindwa. Waache wakucheke. Uchungu wake ni wa wiki moja, nimeupima mwenyewe. Usimtafutie mwenzako jina baya ili wewe upate kupumua. Na kama umeshalisema, nenda leo ukalifute, usiseme kesho asubuhi na mapema!

Mimi nilitaka kushinda ubishi. Nimeushinda. Hakuna mtu anayebishana nami tena.