Nilipomsomea Baba Mkwe Sura ya Nne

Sura tatu za mwanzo za ripoti yangu ya utafiti niliziandika bila kumwogopa mtu. Katika sura ya kwanza unaeleza tatizo. Katika ya pili unaeleza wengine wameandika nini kabla yako, na hao wako mbali, hawakujui, hata ukiwakosoa hamtakutana sokoni. Katika ya tatu unaeleza kazi uliifanyaje. Iliyonitia homa ni sura ya nne, kwa sababu humo ndimo unamosema watu walikuambia nini, na wewe mwenyewe umeona nini.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili nilipoingia chuo pale Singida mjini, na mada yangu niliichagua kwa kufikiri kwamba nimechagua jambo rahisi. Niliuliza kwa nini lambo la kijiji cha mume wangu limejaa mchanga. Kijiji kiko mbele ya Mtinko, na lambo ni lile bwawa la kuchimbwa linalokinga maji ya mvua kwa ajili ya ng'ombe na matumizi ya nyumbani. Zamani, wanasema, maji yake yalikuwa yanakutana na mvua nyingine. Mimi nilipoolewa pale, ikifika mwezi wa nane unachota tope. Nimelichota kwa miaka mingi. Nikaona hilo ndilo ninalolijua, nitaliandika hilo.

Kitu ambacho sikukipima ni kwamba, miaka lambo lilipoanza kujaa, mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa baba mkwe wangu.

Nyumbani kwake mimi ni mke wa mwana. Nikimpelekea chakula naweka, nasema shikamoo, ananijibu marahaba, narudi jikoni. Hatupishani mlangoni. Siku nilipomhoji kwa ajili ya utafiti nilikaa kwenye kigoda, macho chini, simu inarekodi juu ya mkeka katikati yetu, na naamini ndiyo siku tuliyoongea maneno mengi kuliko yote tangu niolewe. Alisema lambo limezibwa na ng'ombe. Wafugaji wanaingiza mifugo mpaka majini, kingo zinakanyagwa, udongo unaporomoka. "Andika hivyo, mama," akasema. Nikaandika.

Halafu nikawahoji wengine. Akina mama wanaochota maji, wenye ng'ombe wenyewe, vijana wanaofyatua matofali pale pembeni. Karibu wote walianza na jambo jingine: vitunguu. Upande wa juu wa lambo kuna vishamba vya vitunguu vilivyolimwa hadi ukingoni kabisa, na kila mvua inaposhuka inabeba udongo uliotifuliwa na kuutupa ndani. Nikauliza, kama ambavyo mhojaji yeyote angeuliza, nani alianza kulima pale. Wakanyamaza. Mama mmoja akafunika mdomo kwa khanga, akacheka.

"Mkwe, swali hilo si ukaulize nyumbani kwako?"

Nikafunga daftari langu.

Nilirudi chuoni nikaandika sura ya nne kwa namna ambayo ingenifaa mimi. Niliandika kwamba imeelezwa kuwa sababu mbalimbali zimechangia. Niliandika kwamba inaaminika kuwa shughuli za kibinadamu zina mchango wake. Ripoti yetu ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha kisomi kinakuruhusu kujaza ukurasa mzima pasipo mtu hata mmoja kufungua mdomo. Nilijiona nimeandika kama wasomi. Moyoni nilijua nimekimbia.

Msimamizi wangu alikuwa mwalimu wa kike, mdogo kwangu kwa umri, mpole wa sauti. Alinirudishia kazi ikiwa na neno moja pembeni mwa kila aya, kwa kalamu nyekundu: Nani? Nani? Nani?

"Kaa, mama," aliniambia ofisini kwake. "Hapa nani anasema?"

"Watu, mwalimu."

"Watu gani?"

"Wanakijiji."

"Wanakijiji wote wamesema kitu kimoja?"

Nikaanza kukunja pembe ya karatasi.

"Sikia. Msomaji wako ni mgeni. Hajawahi kufika huko. Wewe umemshika mkono toka stendi, umempitisha njia yote vizuri kabisa, umemfikisha kwenye lambo, halafu umemfunika macho. Sasa amekuja kufanya nini?"

Akaniambia pia lililokuwa limebaki, bila kupandisha sauti: sura hiyo ikirudi vilevile baada ya likizo, hataipitisha, na isipopita sitahitimu na wenzangu. Na ikipita, kama kila mtu aliyefanya kazi vijijini, nitarudi kuwasomea matokeo wanakijiji. Mrejesho, ndivyo tulivyouita.

Hapo ndipo nilipoiona hofu yangu yote mara moja. Katika ripoti hakuna majina. Baba mkwe nilikuwa nimempa namba, Mshiriki wa Tatu. Lakini ukisema Mshiriki wa Tatu, aliyewahi kuongoza kamati ya maji, kuna mtu gani kijijini pale asiyemjua? Nikiandika, nimemshitaki baba wa mume wangu mbele ya kijiji chake. Nisipoandika, nimetupa masomo yangu.

Nilipowasimulia wenzangu tuliokuwa tunapanga nyumba moja, mmoja, binti mwenye mdomo mwepesi, alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani wewe mama utadisko kwa adabu! Wengine wanadisko kwa pombe, wewe kwa shikamoo!"

"Usinicheke. Wewe huna mkwe."

"Nitamtafuta wa mbali, asiwe na lambo."

Nilicheka nao. Lakini kudisko, yaani kufukuzwa masomo kwa kufeli, lilikuwa neno ambalo sikuwa nalitamka mwenyewe, nisije nikaliita.

Ikabidi nimwambie msimamizi ukweli. Nilisimama mlangoni kwake, mkono kwenye kitasa, nikasema kwa haraka, "Mwalimu, yule Mshiriki wa Tatu ni baba mkwe wangu." Hakucheka. Akasema kila mtu niliyemhoji ana haki ya kusikia nilivyomwandika kabla ya mtu mwingine yeyote kusikia, na kwamba akisikia kuna kitu nimekikosea anaweza kukisahihisha. "Rudi kwao na karatasi zako," akasema. "Anza na yeye." Kwa dakika ile, kurudia mwaka kulionekana afadhali.

Kabla ya kwenda nilifanya kitu ambacho sasa nawafundisha wote wanaoniomba msaada, kwa sababu kiliniokoa. Nilichukua karatasi nikazikata vipande, na kwenye kila kipande nikaandika jambo moja lililosemwa na mtu mmoja, kwa maneno yake, si yangu. Nikavipanga kitandani kwa mafungu. Usiamini kichwa chako katika kazi hii, hasa kichwa chenye woga. Changu kilikuwa kinaniambia kijiji kizima kiko upande mmoja na baba mkwe yuko peke yake upande wa pili. Vipande vilisema vingine. Akina mama wawili walikuwa wametaja vitunguu na ng'ombe pia, na kijana mmoja wa matofali alisema hata wao wanachimba udongo karibu mno. Fungu la ng'ombe lilikuwa dogo, lakini lilikuwepo. Wala hapakuwa na mtu aliyesema kwa kinywa chake nani alilima kwanza. Hilo nililisikia ndani ya kicheko tu, na kicheko huwezi kukiandika kama ushahidi.

Nilimpigia simu mume wangu, ambaye kazi yake iko mkoa mwingine.

"Mambo ya chuo hayo," akasema. "Mimi simo."

"Si ni baba yako?"

"Ndiyo maana simo."

Nikaenda peke yangu. Nilishuka kwenye bodaboda mbali kidogo na boma ili nitembee, nitulize miguu. Upepo ulikuwa ule wetu wa kiangazi, unaokupiga vumbi la machoni na kukunyang'anya karatasi, nikawa nimezikumbatia kifuani kama mtoto. Mama mkwe alikuwa anapepeta mtama. Alinitazama usoni, akauliza kwa Kinyaturu kama kuna msiba.

Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha kamba upande wa zizi la mbuzi. Nikasalimia. Nikasema chuo kinataka nimsomee maneno yake, aone kama nimeyaandika sawasawa.

"Soma," akasema.

Nilianza na yake. Nilikuwa nimeyatafsiri kwa Kiswahili, yote, hata yale makali kuhusu wafugaji. Alinisimamisha mara moja kusahihisha: hakusema kingo zote, alisema ukingo wa machweo, pale penye mteremko mdogo. Nikaandika. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akadhani nimemaliza.

"Kuna ya wengine, baba."

"Soma."

Nikasoma ya vitunguu. Nilisoma bila kuinua macho. Niliona vidole vya miguu yake ndani ya kandambili vikikunjika. Nilipomaliza, palikuwa na sauti ya ungo wa mama mkwe tu, kisha nayo ikakoma.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeziba lambo."

"Hapana, baba."

"Mbona umesoma hivyo?"

Nikamweleza kwamba sikuandika nani kaziba. Sikupima udongo. Sina kifaa cha kupima. Nilichonacho ni maneno ya watu, kwa hiyo ninachoweza kusema ni kwamba watu wengi wanataja vitunguu, wachache wanataja ng'ombe, mmoja anataja matofali. Siwezi kuvuka hapo. Nikivuka, nadanganya. Nilishangaa kujisikia nikisema hivyo. Nilikuwa nimesoma jambo hilo katika vitabu mara nyingi, nimelijibu hata kwenye mtihani, ila siku ile ndipo nilipolielewa, kwa sababu lilikuwa kitu pekee kilichosimama kati yangu na mzee huyu.

Aliipangusa fimbo yake kwa kiganja.

"Hukuniuliza habari ya vitunguu," akasema.

"Sikukuuliza, baba."

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu la heshima, nikatoa la kweli. "Niliogopa."

"Basi niulize."

Nimefanya mitihani mingi maishani. Nimejifungua watoto wawili. Sijawahi kuogopa namna ile. Nilishika kalamu ili mkono uwe na kazi.

"Baba, nani alilima kwanza pale juu ya lambo?"

Aliwatazama mbuzi.

"Mimi."

Kisha akasema mengine, polepole, akinisubiri niandike. Ulikuwa mwaka mvua zilikata, mtama ukaungua shambani, watu wakaanza kufunga mizigo kuhama. Kamati ilikaa. Penye unyevu palikuwa ni pale tu. Wakakubaliana watu wapewe vishamba, wapande vitunguu, wapate cha kuuza. Watu wakasita, kwa kuwa walijua lambo ni la wote. Yeye akachukua jembe akaanza, waone inaruhusiwa. Ilikuwa iwe kwa mwaka ule mmoja. "Mwaka uliofuata nani angewatoa?" akasema. "Mimi niliyewaingiza?"

Niliandika kila neno. Nilikuwa nimekuja na mafungu ya nani kasema nini, na kumbe sababu haikuwa ndani ya fungu lolote, kwa kuwa sikumuuliza mtu aliyekuwa nayo.

"Na ng'ombe usiwatoe," akasema. "Ng'ombe wapo."

"Wapo, baba. Sijawatoa."

"Nisomee tena hapo kwangu."

Nikasoma tena, sasa pamoja na mwaka ule wa ukame, kikao cha kamati na jembe. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ni mimi huyo. Na kijijini utayasoma?"

"Chuo kinataka, baba."

"Siku hiyo sitakuwepo."

Akanyanyuka, akaenda kufungulia mbuzi ambao muda wao wa kwenda malishoni ulikuwa haujafika. Mama mkwe alinipa maji. Nikayanywa nimesimama.

Sura ya nne niliiandika upya ndani ya likizo ile. Kila aya ilikuwa na mtu anayesema, na baada yake mimi, kwa sauti ndogo lakini yangu. Ilipita. Msimamizi aliandika swali moja tu pembeni, la tarakimu za kurasa. Nawaambia wanafunzi wanaokuja kwangu na karatasi zilizojaa "imeelezwa" na "inaaminika" kwamba nawaelewa. Mara nyingi wanajua kuandika, ila kuna mtu wanamwogopa. Nawauliza ni nani, tunaanzia hapo.

Siku ya mrejesho watu walijaa kwenye darasa la shule, wengine wamesimama madirishani. Baba mkwe hakuja, kama alivyosema. Asubuhi alikuwa ameitikia shikamoo yangu, akatoka na fimbo yake upande mwingine. Nilisimama mbele na karatasi zangu. Nilipofika kwa Mshiriki wa Tatu, minong'ono ikaanza nyuma, na mtu akakohoa kwa makusudi. Mwenyekiti wa kijiji akainua mkono.

"Dada, subiri kwanza. Mwenye maneno hayo anajua kwamba unayasoma hapa?"

Darasa zima likanigeukia. Sikuwa na cha kujificha nyuma yake.

"Anajua," nikasema. "Yeye ndiye niliyemsomea wa kwanza."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa kidogo, akashusha mkono.

"Haya, endelea."

Nikaweka kidole kwenye mstari nilipoishia, nikaendelea.