Kondoo wa Usaili wa Kornelio

Sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyekwenda kwenye usaili wa kazi akarudi na paja la kondoo.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipoachia biashara mikononi mwa watu binafsi. Shirika la umma lililoniajiri liliuzwa, sisi makarani tukapunguzwa.

Nikakaa nyumbani Bumbuli mpaka mke wangu, Yunis, akaanza kunituma dukani kama mtoto.

Siku moja nikasikia Kornelio, tajiri mpya wa mboga kule Lushoto, anatafuta karani wa ghala. Niliitaka ile kazi mpaka usingizi ukapaa. Yunis ndio kabisa, alishawatangazia majirani kwamba nimeipata.

Tulifika kundi zima, tai shingoni, vyeti kwenye bahasha za kaki. Kornelio alitoka ndani jua limeshapanda, kavaa malapa, anachokonoa meno.

Kijana mdogo kwangu kabisa. Lakini mwenye shida hana kiburi, nikamwamkia.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba."

Akaitikia, tena bila aibu.

"Karatasi zenu sisomi," akasema. "Usaili wangu ni wa vitendo. Kabichi ziko bondeni, lori liko barabarani. Nataka nione nani ana moyo wa kampuni."

Tukabeba. Kile kilima hakikuuliza cheti cha mtu.

"Waghoshi, wanaume wenzangu, hapa wanapima uvumilivu," akanong'ona Abubakari, kijana wa tai nyekundu, gunia kichwani. Tukamwamini kwa sababu alisoma Tanga mjini.

Lori lilipojaa, Kornelio akapanda mbele. "Majibu nikirudi."

Tukabaki tunatazama vumbi.

Ndipo akatoka mama yake, Bibi Jenoveva, na mkongojo wake.

"Wanangu, mmekula?"

"Bado, mama."

"Watu wamebeba mzigo wa nyumba hii, halafu waondoke na njaa? Mnataka nisemwe kanisani?"

Kwake yeye, watu wakija kukufanyia kazi bila malipo, huo ni msaragambo, na msaragambo una chakula chake. Akatuonyesha kondoo dume aliyefungwa nyuma ya nyumba.

"Nani Mwislamu hapa, achinje tule wote?"

Abubakari akaitupa tai yake begani, akaomba kisu.

Tukiwa tunakula, nikauliza, "Mama, hivi karani wanachukua wangapi?"

"Karani? Si yupo shemeji yake, Heri. Ana mwezi sasa huko ghalani."

Niliumia, sifichi. Nikamfikiria Yunis na majirani zake.

Kornelio akarudi na mgeni kutoka Dar, mnunuzi wake mkubwa. Kumbe kondoo alikuwa amefungwa achinjiwe huyo.

"Mama, kondoo wangu yuko wapi?"

"Wafanyakazi wako wamekula."

"Hawa si wafanyakazi wangu."

"Sasa ulikuwa unawabebesha kabichi kwa nini?"

Mgeni akamtazama Kornelio. Kornelio akatazama malapa yake.

Bibi akafunga paja lililobaki kwenye jani la mgomba, akanikabidhi mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa mkubwa wa wote kwa umri. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Na huyu kaka yako umemwamkia?"

Kornelio akanigeukia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nyumbani Yunis alinisubiri mlangoni.

"Umepata?"

Nikampa paja. Akaligeuza geuza.

"Ndio mshahara wa kwanza?"

"Na wa mwisho."

Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka. Majirani aliwaitia supu.

Funzo langu ni dogo: ukiambiwa usaili ni wa kubeba kabichi, ulizia kwanza kama mama yake bosi yupo.