Mwendo wa Mtani Wangu Dadi

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, na si siku ya harusi wala ya Idi. Ni siku niliyosimama uani Kilambo, kando ya Mto Ruvuma, mbele ya wafiwa wa rafiki yangu niliyefanya naye kazi miaka minne. Nilitakiwa nimwige alivyokuwa, nikashindwa. Nimeishi na aibu ile mpaka nywele zimekwisha kichwani. Nakusimulia leo kwa sababu nawaona ninyi vijana mnavyonuniana huko makazini. Mtu na mwenzake wanapishana mlangoni kama hawajuani, na kila mmoja anangoja mwingine aanze.

Rafiki huyo aliitwa Dadi, na kazi yetu ilikuwa kupasua mbao msituni. Miaka ile bandari ya Mtwara ilikuwa inajengwa, na reli inapelekwa bara kwenye mashamba ya karanga, kwa hiyo mbao na mataruma ya reli yalitakiwa kila siku. Mashine zilikuwepo, lakini nyingi ya mbao zile zilitoka mikononi mwa watu kama sisi. Mnachimba shimo linalomzidi mtu kimo, mnalaza gogo juu yake, mmoja anapanda juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, mnashika msumeno mmoja mrefu, huyu huku na huyu kule. Wa juu anafuata mstari uliopigwa kwa uzi wa mkaa. Wa chini anavuta, na unga wote wa mbao unamwangukia yeye, machoni, puani, shingoni.

Kwa kawaida watu hupokezana. Sisi hatukupokezana. Kifua changu kilikuwa kibovu tangu utotoni, nimekirithi kwa mama, na Dadi aliponisikia nakohoa siku ya pili tu ya kazi, alijifunga kitambaa kichwani, akaingia shimoni, akaniambia nibaki huko juu na ndege wenzangu. Miaka minne hakutoka. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia ahsante.

Basi kutwa nzima nilikuwa nasikia sauti yake kutoka chini ikinitukana. Alinitukana ukoo wangu kwa ulafi wa ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akanitukana kwa miguu yangu ya kunguru, na mimi nikamrudishia kuwa kwao mtu hufundishwa kuoga akishaoa. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu.

Nisimame hapo kidogo, maana najua ninyi utani mmebaki nao wa maneno tu. Kwetu mtani ana haki ambazo ndugu yako wa tumbo moja hana. Atachukua kuku wako mchana kweupe na utanyamaza. Lakini kazi yake kubwa iko msibani. Mtani ndiye anayechimba kaburi, anayechota maji, anayepasua kuni. Na siku ya kuanua matanga, baada ya hitima, mtani anavaa nguo ya marehemu, anatembea alivyotembea, anasema alivyosema, mpaka wafiwa wacheke. Wakishacheka, chakula kinapakuliwa na watu wanaweza kurudi mashambani. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani hakuyapenda sana mambo hayo, lakini saa hiyo ikifika alikuwa anajikuta ana udhu wa kwenda kutia. Sharti lilikuwa moja, kwamba mtani hakasirikiwi. Hata mtoto mdogo alilijua hilo.

Mimi nilikasirika.

Mama yangu alifariki nyumbani Mtawanya, korosho zinaanza kuanguka. Dadi, aliyezoea kunisindikiza kwetu, aliacha kazi akaja nami. Alichimba kaburi, akalala kwenye mkeka mlangoni siku zote tatu. Hitima ilipokwisha akavaa kaniki ya mama na kuanza. Alikohoa kikohozi cha mama. Aliwafukuza kuku huku akiwaita kwa majina ya majirani, kama alivyofanya mama akiwa na hasira na mtu. Kisha akachota mchuzi kwa upawa, akafumba macho, akauonja, akakaa hivyo macho yamefumba, kichwa kimeinama upande. Wanawake waliangua kicheko, wakalia, wakacheka tena. Dada yangu, ambaye tangu msiba uanze hakuwa amefumbua kinywa, alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa nikwambie ujinga wangu. Siku hizo Jumapili zangu nilikuwa nazimalizia mjini na makarani wawili wa bandarini, vijana wa suruali za pasi, waliokuwa wanayaita mambo yetu ushamba. Walikuja kunipa pole, na wakati Dadi anaonja mchuzi niliwaona wanatazamana. Damu ikanipanda. Nikanyanyuka, nikamsukuma Dadi mbele ya watu wote.

"Vua nguo ya mama yangu," nikamwambia. "Mama yangu si kichekesho chako."

Dadi akaivua kaniki, akaikunja vizuri, akaiweka mkekani.

"Sawa, bwana," akasema.

Tangu tujuane hakuwahi kuniita bwana.

Tulirudi msituni tukafanya kazi karibu miezi miwili bila kusemezana. Hebu fikiri, mwanangu, watu wawili wameshika msumeno mmoja, na husikii ila meno ya chuma ndani ya mti. Mara mbili tatu nilisikia amekohoa shimoni kama mtu anayetaka kuanza neno. Nikajifanya natazama mstari. Nilikuwa nangoja aniombe radhi, na moyoni nilijua kabisa kwamba kwa mila yetu mwenye kuomba radhi nilikuwa mimi.

Mwisho nikamwomba nyapara anihamishie bandarini, kwenye kupokea mbao zinazoshushwa na malori. Akanikubalia. Niliondoka asubuhi Dadi yuko kisimani, nikafurahi kuwa sikuhitaji kumuaga. Watu wa malori walipoanza kuniambia "Yule Dadi wako..." niliwakatiza hapohapo, kwamba sina habari naye wala sitaki kuwa nayo. Baada ya muda wakaacha. Nikaona nimeshinda.

Ulipita mwaka na miezi. Siku moja akaja mwanamke wa Kilambo, jirani yao Dadi, amebeba samaki wa kukausha kuuza mjini. Alinitafuta mpaka akanipata. Akaniambia Dadi ana homa siku nyingi, hanyanyuki, na amenitumia salamu. Amesema niende nikamtukane kidogo, maana huko kwao hakuna anayejua kumtukana vizuri.

Mtu mwenye akili angechukua fimbo yake akaondoka saa ileile. Mimi nilichosikia ni dhihaka. Nikajiambia, hata ugonjwani mtu huyu bado ananicheka.

"Kama ananitaka, aje yeye," nikamjibu. "Ana miguu."

Yule mwanamke alijitwisha kapu lake, akaenda zake bila kuaga. Nilidhani amenyamazishwa na msimamo wangu.

Habari za kifo zilinifikia siku ya pili ya msiba. Nakuambia kweli, nilikaa juu ya rundo la mbao pale bandarini nikalia mpaka watu wakasimamisha kazi. Kesho yake nilitoka Mtwara alfajiri, lori likanisogeza mpaka Naliendele, kulikobaki nikaenda kwa miguu, nikafika Kilambo jua limeanza kuinama. Hitima ilikuwa imekwisha zamani. Lakini nilishangaa kuona watu wote bado wamekaa uani, na vyungu vimefunikwa.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Watani wengine walikuwepo, ndio waliochimba kaburi, na mmoja wao alikuwa tayari kumwiga marehemu. Bi Somoe, mama yake Dadi, ndiye aliyekataa. Alisema mtani wa mwanawe yuko Mtwara na atangojwa. Walinieleza hayo baadaye. Wakati ule niliona tu mama mzee amenyanyuka mkekani, ananijia na shati mkononi. Nilijiandaa kutukanwa, tena matusi ya kweli, na nilikuwa nayataka.

"Umefika," akaniambia. "Fanya kazi yako, watu wana njaa."

Nikalivaa shati la Dadi. Nikajifunga kitambaa kichwani. Nikaanza kwa sauti yake, ile ya kutoka shimoni, nikajitukana mwenyewe ukoo wangu na ming'oko yetu. Watu wawili watatu wakatabasamu. Nikapangusa unga wa mbao puani alivyokuwa anapangusa, kwa kiganja kizima. Wakatabasamu tena. Nikapata moyo, nikasema sasa nitawapa mwendo wake. Dadi alikuwa na mwendo wa kujulikana, hatua ndefu, mikono inarushwa, kifua mbele, kama mtu aliyesikia pilau inapakuliwa nyumba ya tatu. Nikakata ua wote kwa mwendo huo.

Hakuna aliyecheka. Nikadhani nimeufanya kidogo. Nikageuka, nikarudi nao mkubwa zaidi. Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kanga. Mke wa Dadi akanyanyuka akaingia ndani.

Bi Somoe akaniuliza, "Huyo ni nani?"

"Ni Dadi, mama."

"Huyo ni Dadi wa zamani. Mwanangu hakutembea hivyo tena tangu gogo lilipomwangukia mguu."

Ndipo nilipoyajua, mwanangu, mbele ya watu wote, ndani ya shati la marehemu. Nilipohama, Dadi alipewa mwenzake mgeni wa kazi, asiyejua kuweka kabari sawasawa. Gogo likabiringika likamkuta anatoka shimoni. Mguu uliunga vibaya. Hakurudi tena msituni, alikaa nyumbani akisuka mikeka na wanawake. Watu wa malori walijua. Ndiyo habari waliyokuwa wananiletea, nami nikawafunga midomo. Na yule mama wa samaki alijua, aliposimama mbele yangu nikamwambia Dadi ana miguu.

Nilipiga magoti mchangani. Bi Somoe hakunibembeleza, wala sikustahili. Alinishika mkono wa shati akanivuta nisimame, kisha yeye, mama mfiwa, ambaye kwa mila anatakiwa akae kwenye mkeka wake achekeshwe, akatangulia mbele yangu akaanza kutembea. Aliweka mguu wa kulia, akauburuta wa kushoto, akashika paja.

"Hivi," akasema. "Mkono pajani. Sasa simama upumue. Tazama juu, ujifanye unahesabu korosho mtini, watu wasijue kuwa umechoka."

Hapo akacheka. Aliicheka ile jeuri ya mwanawe, na kicheko kikamgeukia kilio, na wanawake wote wakamfuata. Tulikata ua mara tatu, yeye mbele mimi nyuma, mpaka nilipoupata mwendo. Akasimama pembeni akanitazama napita peke yangu.

"Ndiye," akasema. Kisha akageukia majikoni. "Pakueni."

Jioni ile aliniambia jambo moja zaidi. Alisema Dadi alikufa hana kinyongo nami hata chembe. Kinyongo alikuwa nacho yeye, na hakunificha, ila kingekwisha polepole kama nitakuwa naenda kumwona. Nikawa naenda kila baada ya mavuno, mpaka naye Mungu alipomchukua. Sijui kilikwisha mwaka gani. Najua kuna mwaka alinitukana miguu yangu ya kunguru, na nilirudi Mtwara nikiimba njia nzima.

Nimekaa miaka mingi nikilifikiri jambo hili. Mimi nililala nyumba moja na mama yangu tangu kuzaliwa, na sikujua kuwa alikuwa anafumba macho akionja mchuzi. Nilijua nilipomwona Dadi anafanya. Yeye alikuwa mgeni wa siku chache chache, anakula sahani anayopewa, lakini alimtazama mama yangu kwa mapenzi, ndiyo maana aliweza kumrudisha mbele yetu kwa muda ule mfupi. Nami nikamsukuma kwa sababu ya suruali mbili za pasi. Dadi mwenyewe sikumtazama. Nilipokuwa juu ya gogo nilitazama mstari, na nilipokasirika nilitazama pembeni.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuusia hivi. Mtu anayekupenda akikukera, hasira ikupande na ikushuke, lakini usimfunge mlango. Usipige marufuku jina lake. Unapomnunia mtu, unadhani anabaki palepale ulipomwacha, na sivyo. Anaumia, anapona vibaya, anabadilika mwendo, na wewe unaendelea kumkasirikia mtu ambaye hayupo tena. Usingoje aje kwako kwa miguu yake, maana hujui miguu yake ikoje leo. Nenda wewe. Hata kama kosa ni lake, nenda. Likiwa ni lako, kama langu lilivyokuwa, basi usilale hapa leo, nenda.

Na mimi nakuombea kwa Mwenyezi Mungu akupe wenzako wa kazi wenye matusi mazuri, akuongezee macho ya kuwatazama wangali hai, na siku yako itakapofika, baada ya umri mrefu wenye heri, asimame uani mtu anayekujua sawasawa, akate hatua tatu tu, na wanao wacheke wote kwa pamoja waseme, "Ndiye."