Nadhiri ya Baba na Homa Yangu

Nikinusa vumbi linaloungua juu ya amplifaya iliyopata moto, mpaka leo hugeuka kutazama nani ameshika gitaa. Harufu hiyo ilijaa sebuleni kwetu Kaole miaka ya tisini, bendi ya baba ilipokuwa ikifanya mazoezi kila baada ya swala ya alasiri. Walipiga roki, tena ya kelele, katika pwani iliyozoea taarabu na dansi. Watu waliwaita wendawazimu, na bado waliwafuata kila walikokwenda, Mlingotini mpaka Ubena. Baba aliimba na kupiga gitaa. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, niliyemwita Ami Shomari, alipiga dramu mpaka vikombe vya mama vikahama mezani.

Mwaka niliotimiza miaka minane, mwisho wa masika, malaria ilinipanda kichwani. Nilikaa siku tatu sijitambui. Nilipozinduka, bibi alinisimulia kwa furaha kwamba baba aliweka nadhiri mbele ya watu: Mwanahamisi akipona, yeye na gitaa basi. Bibi wa watu hakujua amenitwisha mzigo gani. Tangu hapo niliamini uhai wangu umefungwa kwenye nyuzi sita zilizolala juu ya kabati, na baba akizigusa, nakufa. Nikawa mlinzi. Chakula kilinishinda. Nikitoka shule nilikimbia nyumbani, nikatazama kwanza kabati, kisha vidole vya baba. Na vidole vile havikutulia hata kidogo. Vilicheza kwenye ukingo wa sahani, kwenye mkono wa kiti, hata kwenye tasbihi. Niliviogopa kuliko nyoka.

Siku moja nilimkuta amelipakata gitaa, anapitisha kidole gumba kwenye nyuzi polepole, bila kutoa sauti.

“Baba,” nikasema, “nina homa.”

Sikuwa nayo. Alinishika paji la uso, kisha akalifunga gitaa kwenye khanga ya mama na kulipeleka Mlingotini kwa Ami Shomari. Bendi haikumaliza mwaka. Watu walisema wamegombana. Nilianza kula, nikanenepa, huku nikijua fika kwamba aliyeiua bendi ni mimi na uongo wangu.

Wiki hii mabango yamebandikwa Bagamoyo nzima: wanarudi. Shehe alimwelekeza baba atoe kafara ya kuvunja nadhiri, na jana alilisha maskini kumi pilau uani kwetu. Nilihesabu sahani mara tatu, mimi mama wa watoto wawili. Leo alasiri, nyuma ya jukwaa, Ami Shomari alimkabidhi baba gitaa likiwa bado ndani ya khanga ile ile, imepauka rangi. Hakulifungua. Alinigeukia, akanishika paji la uso.

“Unajisikiaje, mama?”

“Sina homa, Baba. Hata siku ile sikuwa nayo. Nisamehe.”

“Nilijua, mwanangu. Uso ulikuwa baridi.”

“Sasa kwa nini ulilitoa?”

“Kwa sababu mikono yangu ndiyo uliyokuwa ukiitazama,” akasema. “Ningewezaje kukulea, na mikono yenyewe unaiogopa?”

Akafungua khanga.

Wanangu walikuwa mbele kabisa ya jukwaa, wameinua simu juu wamrekodi babu yao. Malaria kwao ni vidonge vya siku tatu na kurudi shule. Kwamba uhai wa mtoto unaweza kuning'inia kwenye gitaa, nikiwaambia watacheka. Mimi nilisimama pembeni, harufu ya vumbi linaloungua ikinifikia. Baba alipopiga uzi wa kwanza uwanja mzima ulipiga kelele za furaha, na mimi nikajikuta nimeweka kiganja usoni, najipima.