Mama Yangu wa Cheptais

Telegramu ya kifo cha mama ilipelekwa Kitale, kwa sababu watu wa kwetu Taita walijua ninafundisha huko. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimeshahamishiwa Bungoma, shule moja karibu na Kanduyi. Nilikusudia kuwaandikia anwani mpya. Kila Jumamosi nilikusudia, tena kwa moyo wote. Mwalimu niliyefanya naye kazi Kitale alipoiona ile bahasha aliiweka mfukoni, akaniletea alipopata nafasi. Siku hiyo mama alikuwa amelala kaburini wiki mbili na ushei.

Mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya siku tatu. Siku tatu zingenitosha kufika Voi, kuisalimu stesheni na kugeuza. Basi nikajifungia chumbani kwangu, nyuma ya duka la Kalasinga aliyekuwa mwenye nyumba, nikangoja machozi. Kalasinga alizima redio yake ya dukani bila kuombwa, ili nilie kwa raha. Machozi hayakuja. Nilijiona mtu mbaya sana, maana hata kulia kulikuwa kumenishinda.

Waliokuja ni akina mama wa kanisa. Kanisa hilo nililihudhuria kwa sababu shule ilikuwa chini yake, na mwalimu asiyeonekana Jumapili aliitwa ofisini Jumatatu. Nilikuwa nikikaa karibu na mlango, nikidhani hakuna anayenijua. Lakini jioni ile walijaa chumbani, wanane, juu ya kitanda na kiti kimoja, na sukari yao mkononi, maana walikisia kwamba mwanamume anayeishi peke yake hana sukari. Hawakukosea. Wakaimba, wakaomba, kisha wakauliza ni nani aliyesimama kaburini kueleza maisha ya mama. Nikasema sijui. Hilo liliwashtua kuliko kifo chenyewe. Bungoma mtu hazikwi hivi hivi. Lazima asimame mtu atoe historia ya marehemu, alizaliwa wapi, aliishi vipi, aliugua nini. Wakaamua historia ya mama itasomwa kanisani Jumapili.

Kazi ilipewa karani wa kanisa, mtu mwenye taipureta na haraka zake. Aliniuliza jina na umri, akasema mengine atajaza mwenyewe kwa sababu ana uzoefu. Na kweli alikuwa nao. Jumapili nikasikia kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu tangu utoto, hakukosa ibada hata siku moja, na hakuwahi kugombana na mtu. Watu wakaitikia amina. Kisha nikasikia kwamba alikuwa mkulima hodari wa kahawa huko Cheptais, kwenye Mlima Elgon, na ameacha pengo kubwa mlimani. Wakaitikia amina vilevile.

Mama yangu hakuwahi kuvuka Voi. Mlima Elgon hakuujua hata kwa picha. Nilielewa kwamba karani ametumia karatasi ya mazishi ya mtu mwingine na kubadilisha jina tu, na hasira ikanipanda. Mama alikuwa amekufa bila mimi, akazikwa bila mimi, na sasa nilikuwa nimekaa pale nikitazama akigeuzwa mtu mwingine. Nilisimama kabla sijajua nitasema nini.

Nilisema mama yangu alinusa ugoro. Nilisema aligombana na watu wengi, wengine kwa furaha kabisa. Aliacha kwenda kanisani siku mzee wa kanisa alipomwinua kwenye benchi lake ili wageni kutoka mjini wakae, na tangu hapo aliombea jikoni, akichochea moto na kumsemesha Mungu kama jirani aliyechelewa kurudisha sufuria. Sala zake zilikuwa na majina ya watu na makosa yao. Jina langu lilikuwemo, kwa uvivu wangu wa kuandika barua. Hapo nikaketi.

Karani akaikunja karatasi yake mara nne. Nilikuwa na hakika nimeharibu ibada, nikaanza kufikiria uhamisho mwingine. Ndipo bibi mmoja wa benchi la mbele, ambaye hakukosa matanga yoyote ya Kanduyi, akageuka kunitazama.

"Sasa huyo mama tumemjua, mwalimu," akasema. "Huyo tunaweza kumlilia."

Wakamlilia kana kwamba walikuwa wamechota maji naye. Nami nikalia, mbele ya wanafunzi wangu, mpaka kola ya shati ikalowa. Sidai kwamba niliona malaika. Lakini siku ile niliamini, bila kubishana na mtu, kwamba Mungu anamjua mama yangu, pamoja na ugoro na ugomvi wake, na kwamba huko aliko hakuna atakayemwinua kwenye benchi. Imani hiyo ndiyo iliyonishika mkono mwaka ule, na sina nyingine kubwa kuliko hiyo.

Desemba nikaenda kwetu. Dada yangu alinipeleka kaburini, akanitolea karatasi iliyosomwa siku ya mazishi, aliyoitunza ndani ya Biblia. Marehemu alikuwa mcha Mungu tangu utoto, hakukosa ibada hata siku moja, hakuwahi kugombana na mtu. Nikamuuliza dada kama kuna aliyesimama kusahihisha. Akasema nani angethubutu, na aliyesoma ni mzee wa kanisa yule yule wa benchi.

Nikamrudishia karatasi. Kisha nikachuchumaa kando ya kaburi, nikamwambia mama kwamba Bungoma wanamjua, na wanamsalimia.