Tembo Niliyemchoma Mara Mbili

Mimi ni mfinyanzi, na simvumilii mtu anayegonga chungu changu kwa kucha kuona kama ni kigumu. Tulipokimbia vita kule Djugu niliacha vyungu kibanda kizima. Waliopita nyuma yetu walivipiga mateke vyote, hata mtungi wa maji ya kunywa. Nilipofika mji wa Bunia niliapa kwamba kitakachotoka mikononi mwangu hakitavunjwa tena kwa teke.

Siku moja akaja nyumbani kwangu, mtaa wa Shari, mama Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini. Kila mwaka aliletewa sanamu ya mungu wake kwa ndege, na mwaka huo haikufika. Akanionyesha picha kwenye simu: mtoto mnene, kichwa cha tembo, ametulia kama mtu aliyemaliza sahani ya pili.

"Mama, weye unaweza fanya hii? Ya udongo tu."

"Naweza. Lakini hii tumbo itamaliza udongo yote."

Alikuja kila alasiri kunitazama na kunisimulia. Mama wa mtoto huyo, alisema, alimfinyanga mwenyewe kwa mikono yake. Hapo nikampenda. Kisha baba yake, Shiva, yule anayevunja ulimwengu ili uanze upya, akarudi nyumbani, akamkuta mtoto asiyemjua amezuia mlango, akamkata kichwa. Hiki cha tembo aliwekewa baadaye, kama kiraka.

"Na bado munamuomba ule baba?"

"Sana. Anatufungua. Bila yeye tungeshikilia kila kitu."

Nikaendelea kulainisha tumbo. Moyoni nilisema huyu hajawahi kukimbia na sufuria kichwani.

Mume wangu naye alinuna. "Unaleta mungu ya watu mu nyumba ya Bakristo?"

"Niko nafinyanga, siko naomba. Sogeza muguu."

Wamama wa kwaya walikuja kunikemea, wakabaki kusifia masikio.

Sanamu ilipokauka, niliichoma. Kwetu chombo kibichi hakitoki nyumbani, ni aibu. Hii niliichoma mara mbili. Mama Mhindi akaipaka rangi, akaivisha maua, akaiomba nyumbani kwake siku kadhaa, kisha akanialika mtoni kuiaga.

Yeye na Wahindi wenzake walipiga ngoma, wakagawa vitamutamu, wakaishusha majini pembeni. Tukasubiri. Tembo alikaa pale, maji yakimfika kitovuni, kama mzee anayeoga. Ngoma ikachoka. Mume wa mama Mhindi akamsukuma kidogo kwa fimbo.

"Musiogope!" nikapaza sauti. "Hata akae humu mwaka muzima, habomoke! Nilimuchoma mara mbili!"

Watoto tu ndio walicheka.

Mama Mhindi akanishika mkono. "Mama, ilikuwa lazima ayeyuke. Akiyeyuka, anarudi kwabo. Sasa tumemufunga."

"Basi mumuvunje."

Wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kumpiga mungu wake kwa jiwe. Kisha wote wakanitazama mimi, na hasira ikanipanda. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, halafu niipige mwenyewe? Nilikuwa nimevunjiwa vya kutosha.

"Mama yake ni weye," Mama Mhindi akaniambia polepole. "Umufungue."

Niliingia majini na nguo zangu za Jumapili. Nikapiga. Jiwe likapasuka! Naapa, nilisikia fahari hadi magotini, nikageuka kuona kama wameona. Nikatafuta jiwe kubwa zaidi. Tumbo lilipopasuka nililia kwa sauti, pale pale mbele ya Wahindi, nikivililia vyungu vyote ambavyo sikuwa nimevililia. Mama Mhindi akaingia majini na sari yake, akanishikilia.

Mwaka uliofuata alirudi. "Hakuna moto," akasema, kidole juu.

Nilifinyanga hadi kucha za miguu, kwa udongo ambao shemeji alijihatarisha kuniletea kwa pikipiki kutoka kwetu Djugu, ambako sisi bado hatuwezi kurudi. Mtoni yaliyeyuka masikio kwanza, kisha lile tumbo, maji yakawa mekundu kama njia ya kwetu mvua ikinyesha. Nikampungia mkono. Nilifurahi, na nilimwonea wivu: yeye alikuwa anarudi kwao.