Hakuna Aliyeniuliza Kuhusu Damu

Kazi yangu ilikuwa kuanika nyuzi za mkonge kwenye waya, nyuma ya kiwanda kimoja upande wa Korogwe. Nikiinama kuchukua fungu na kuinuka, naona giza. Mwanzoni nilidhani ni jua. Baadaye kizunguzungu kikanifuata hadi jikoni, nimekaa, napembua mchele.

Siku niliyoanguka, msimamizi alisimama juu yangu. Nikamwambia nina kizunguzungu. "Nyie wa Handeni mnapenda sana kulala," akasema. Wenzangu wakacheka kwa kumwogopa. Nikajifuta vumbi, nikaendelea.

Zahanati nilikwenda mara tatu. Mganga hakuinua macho kwenye daftari. "Kichwa kinauma? Mwili umechoka?" Nikiitikia, ananiandikia dawa za malaria. Kidole changu hakikuchomwa hata mara moja. Nilimeza dozi tatu za ugonjwa ambao sikuwa nao.

Nyumbani mama mkwe aliniona natafuna udongo, akatangaza nina mimba. Miezi ikapita bila tumbo, akasema basi ni jini.

Dada yangu ndiye aliyekuja akanipeleka hospitali kubwa. Nesi mmoja mtu mzima alinivuta kope ya chini, akatazama, akafungua na kiganja changu.

"Mwanangu, ukiwa kwenye siku zako, damu inatoka siku ngapi?"

Niliona haya. Dada akanigusa goti.

"Tisa. Mara nyingine kumi na moja."

"Tangu lini?"

"Tangu nijifungue mtoto wa mwisho." Mtoto huyo alikuwa darasa la pili.

Walinipima, damu ilikuwa chini sana. Kwenye kizazi wakakuta uvimbe. Nesi alinieleza taratibu kwamba damu ndiyo inayobeba hewa mwilini. Ikipungua, kichwa kinazunguka, miguu inaisha nguvu, moyo unakimbia. Hata ile hamu ya udongo ilitokana na huko kupungua. "Huo si uvivu," akasema, na hapo ndipo nilipolia. Niliongezewa damu, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikakatazwa kunywa chai pamoja na chakula, maana inazuia damu kuongezeka. Baadaye uvimbe ukatolewa.

Nimepona, lakini hasira haijapoa. Miaka yote ile nilitembea nusu mfu kwa kukosa swali moja ambalo halihitaji mashine wala umeme. Mganga alilisomea. Nami nilifundwa kwamba damu ya mwanamke haisemwi, nikanyamaza. Najilaumu kwa hilo, ila si kama ninavyowalaumu wao.

Niliporudi kazini nilimpa msimamizi karatasi ya hospitali. Akaisoma, akasema, "Si ungesema unaumwa?"

"Nilisema nina kizunguzungu. Ukaniambia napenda kulala."

Alinirudishia karatasi, akaenda zake. Hajaniomba radhi mpaka leo.

Siku hizi binti zangu nawauliza wazi, mezani, kaka yao akiwepo: siku ngapi, damu nyingi au kidogo. Mama mkwe ananiambia sina haya. Namwambia ni kweli, mama, sina, na naendelea kuwauliza.